Wa Hodi Hubeba Sita

Muuza mkaa alikuja na nywele mbichi za kuoga na kesi mdomoni. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Fundi, na alikuwa na sauti ya kutosha mitaa miwili, lakini asubuhi hiyo aliipunguza makusudi. Lawama ya kunong'ona huuma kuliko ya kelele, na yeye alilijua hilo vizuri.

“Mama Fundi, tumekaa miaka kumi na tisa bila kukoseana,” alisema. “Sasa leo natoka bafuni, hata nguo haijanikaa, namkuta mwanao katikati ya sebule yangu. Kaleta lile bakuli ulilomtuma. Kaliweka mezani, kageuka, kapita pazia, kaenda zake. Hodi hakuna, salamu hakuna. Jeshi limemfundisha mambo yote hayo, hodi tu ndiyo ikawashinda?”

Mama Fundi hakuwa mwanamke wa kushindwa na maneno; aliwahi kumfanya mteja avae gauni alilokuwa akilikataa na aondoke akishukuru. Sasa alibaki ameshika gurudumu la cherehani kama vile litamkimbia. “Nisamehe, jirani,” alisema. “Nitaongea naye.”

“Utaongea naye mara ya ngapi?” muuza mkaa aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomaliza kazi.

Binti wa Mama Fundi aliyasikia yote akiwa jikoni, kikombe mkononi. Alimwonea mama yake aibu, ile aibu ya kumkunja mtu vidole vya miguu. Katika nyumba hii hodi haikuwa mchezo. Walipokuwa wadogo, yeye na mdogo wake, mtoto aliyeingia chumba chochote bila hodi alirudishwa mpaka uani. “Rudi,” mama alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye mshono. “Anza upya.” Ukirudi ukapiga hodi kwa kununa, ulirudishwa tena. Mdogo wake ndiye aliyelishika somo hilo mpaka likapitiliza. Alikuwa akipiga hodi hata kwenye banda la kuku.

Huyo huyo ndiye aliyerudi kutoka vitani miezi mitano iliyopita, kijana wa miaka ishirini na tatu, na viungo vyake vyote, na bila hodi hata moja.

* * *

Kazini binti huyo na mwenzake aliyekwisha acha kazi waliitwa Mkasi wote wawili, kwa sababu kazi yao ilikuwa kukata filamu. Mwenzake alipoondoka jina likabaki kwake peke yake, na lilimkaa. Mama yake alipenda kusema kwamba nyumba nzima inakula kwa kukata: mmoja kitambaa, mwingine picha.

Mwezi huo walikuwa wanamalizia filamu ya vijana kumi na wawili waliopigana katika mji ule uliogombewa nyumba kwa nyumba kwa wiki kumi na moja. Mwongozaji, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alikuwa na utaratibu wake na haukubadilika kwa mtu. Kiti kimoja cha mbao. Nyuma yake kitambaa cha rangi ya majivu, ambacho Mama Fundi mwenyewe alikipiga pindo. Swali moja tu: “Mtaa ulikuwaje?” Halafu Bosi ananyamaza, na kijana akisema zima, kamera inazimwa papo hapo. Wengi waliomba kuzima. Mmoja alizungumzia kiu kwa saa nzima na hakutaja bunduki hata mara moja.

Siku aliporekodiwa mdogo wake, Mkasi alibaki nyumbani, maana ndivyo alivyoombwa. “Ukiwepo nitakuangalia wewe,” mdogo wake alimwambia. Kwa hiyo alimwona kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta, hedifoni masikioni, mikono ya kijana imelala juu ya magoti kama ya mwanafunzi.

“Mimi nilikuwa wa hodi,” alikuwa akisema. “Kila kikundi kina wa hodi wake. Nyumba yoyote, hata iwe haina mlango, lazima upige hodi kwanza. Unapiga, mnasubiri kidogo, mnaingia. Mtaa mzima hivyo hivyo. Nyumba ya mwisho ilikuwa na pazia la maua. Nikapiga hodi, nikasikia mtu kaitikia. Karibu.” Hapo akakaa sekunde arobaini bila neno. Kisha akasema, “Zima.”

Mkasi alilia, na hakuona haya kulia. Aliirudia mara sita, halafu akaikata vizuri kwa jinsi alivyojua, na alijua. Kulikuwa na sentensi moja tu iliyomsumbua, katikati pale, baada ya “hodi kwanza.” Mdogo wake alikuwa amesema, “Wa hodi hubeba sita.” Sita nini? Ilikuwa kama uzi unaoning'inia kwenye nguo nzuri. Angeweza kuuliza; mdogo wake alilala chumba cha pili, ukuta mmoja kati yao. Lakini kijana siku hizi hakupenda kuulizwa, na filamu ilikuwa na tarehe yake. Mkasi akaikata ile sentensi na kuitupia kwenye faili aliloliita Kapu. Jina alilitoa kwenye kapu la vipande lililokaa chini ya cherehani ya mama yake. Kitambaa hakitupwi, mama alisema siku zote, hujui kesho kitaziba wapi.

Bosi alipotazama, aliivua miwani yake na kuifuta kwa tai. “Filamu inaishia hapo,” alisema. “Katikati ya moto wote ule kijana anapiga hodi, na mtu anamkaribisha. Tulikuwa tunatafuta jina. Jina ndilo hilo, Karibu.”

Onyesho la kwanza lilipangwa kuwa Jumamosi ya wiki hiyo, mbele ya vijana wote kumi na wawili na jamaa zao. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, wiki moja baada ya kesi ya muuza mkaa.

* * *

Jioni hiyo Mkasi aliibeba ile picha kwenye simu na kumwekea mama yake pale pale kwenye cherehani. Hakupaswa kuitoa kazini, lakini kesi ya muuza mkaa ilikuwa bado inamwasha.

Mama Fundi alisikiliza mara ya kwanza akiwa ameweka mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mara ya pili aliuondoa mguu. Mara ya tatu aliishika simu mwenyewe kwa mikono miwili.

“Hata iwe haina mlango,” alirudia. “Umemsikia? Hata iwe haina mlango.”

“Nimemsikia, mama.”

“Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.”

“Wewe ndiye. Miguu yangu nayo inakumbuka.”

Mama Fundi alicheka, akajifunga mtandio, akatoka. Mkasi alimfuata mpaka kibarazani kumtazama. Mama yake alitembea kwenda nyumba ya tatu kama mtu anayekwenda kupokea zawadi, mabega nyuma, akamsalimia kila aliyepita, hata wale ambao wiki nzima alikuwa akiwakwepa. Kutoka pale Mkasi alisikia hodi yake, ndefu na ya madaha, na sauti ya muuza mkaa ikiitikia. Yaliyofuata alisimuliwa. Mama alimwambia jirani kwamba kijana alipiga hodi vitani, risasi zinalia, nyumba hazina hata milango. Na kama kwako aliikosa siku moja, basi alikuwa amechoka, mchukulie hivyo. Muuza mkaa akasema hakujua, akaomba radhi, akamjazia kopo la mkaa bila kuombwa. Mama alirudi nalo kalibeba mbele ya tumbo ili mtaa ulione.

Mdogo wake aliingia kwa mlango wa nyuma, kimya, kama kawaida yake. Akafungua mtungi, akachota maji.

“Baba,” mama alimwita. Alimwita hivyo tangu azaliwe kwa kuwa kijana alipewa jina la babu yake mzaa mama. “Nimekusikia.”

“Umenisikia nini, mama?”

“Ulivyopiga hodi kule. Nimekuona kwenye simu ya dada yako.” Akamshika shavu kwa mkono wenye vumbi la mkaa. “Mimi sasa nitalala usingizi mtulivu, hata nikifa leo.”

Kijana hakusogea. Alimtazama dada yake juu ya bega la mama, na doa jeusi likabaki shavuni. “Mmeiweka ile?” aliuliza.

“Ndiyo mwisho wa filamu,” Mkasi alisema. “Ndiyo kilele chenyewe.”

“Sawa,” alisema mdogo wake. Akarudisha kikombe ndani ya mtungi, maji yakiwa yale yale, hajayanywa, akatoka nje. Mkasi akafikiri anaona haya tu. Kijana wa watu kasifiwa na mama yake, aseme nini tena?

* * *

Jumatano alikuja Kijiko. Alikuwa kwenye kikundi kimoja na mdogo wake, kijana mrefu mwenye kucheka ovyo, na jina alipewa kwa kutembea na kijiko ndani ya buti miezi yote ya vita. Kazi yake siku hiyo ilikuwa ndogo: kusoma majina ya wenzake kwenye orodha ya mwisho na kuthibitisha kwamba hakuna lililokosewa. Alipomaliza, Mkasi, kwa kujivuna kidogo, akamwonyesha kile kipande.

Kijiko alicheka waliposikia “Mimi nilikuwa wa hodi.” Alicheka kama mtu aliyekumbuka nyumbani. Halafu picha ikafika kwenye pazia la maua, akaacha kucheka. Mwisho alibaki anatazama kioo kikiwa cheusi.

“Mnaonyesha hii?” aliuliza.

“Jumamosi.”

“Hivi ilivyo?”

“Ina kasoro gani?”

Kijiko alikuna kidevu. “Dada,” alisema, “wewe unajua hodi ni nini?”

“Kijiko, swali gani hilo? Mtoto mdogo anajua hodi.”

“Siyo ile. Ya kule.” Alikaa, maana alikuwa amekwisha simama kuondoka. “Kule hodi ni bomu la mkono. Huingii chumba hujui kuna nani. Unatupa hodi kwanza, unahesabu mpaka nne, inalia, mnaingia. Ndivyo tulivyoita wote, kikosi kizima. ‘Hapa hodi moja.’ ‘Pale wapigie mbili.’ Mimi nilidhani mnajua.”

Mkasi hakubisha. Aliligeukia faili la Kapu, akaifungua ile sentensi aliyoitupa, na sauti ya mdogo wake ikasema chumbani, bila haraka: Wa hodi hubeba sita. Kijiko akaonyesha kiunoni mwake kwa kidole, tatu kulia, tatu kushoto.

“Na karibu?” Mkasi aliuliza. “Kaitikiwa karibu. Nani anaitikia bomu?”

“Hilo muulize mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili.” Kijiko alisimama tena, na safari hii alikuwa mtu mzima kuliko alivyoingia. “Tulikuwa tukimcheka, unajua. Yeye hakuweza kutupa tu kama sisi. Kila mara alikuwa anasema na mdomo wake, hodi, halafu ndipo anatupa. Tunamwambia, wewe, unaomba ruhusa kwa nani? Anasema ni mazoea. Mama yake kamlea.”

* * *

Bosi alisikiliza yote akiwa amesimama dirishani. Hakuwa mtu mbaya, na tuseme hivyo mapema. Alikuwa tu mtu aliyeisaka filamu hii miaka miwili na sasa alikuwa ameishika mkononi.

“Hakuna aliyedanganya,” alisema hatimaye. “Kasema hodi, kasema karibu. Maneno ni yake.”

“Maneno ni yake, mkasi ni wangu,” Mkasi alijibu. “Nimeikata sentensi iliyokuwa inaeleza kila kitu, kwa sababu sikuielewa na niliona uvivu kuuliza.”

“Watu watatoka pale na matumaini. Huoni kwamba nayo ni kitu?”

“Vijana kumi na mmoja watakaa kwenye viti vile wakijua maana yake. Watasikia ukumbi mzima unalia machozi mazuri kwa ajili ya bomu. Halafu mdogo wangu atapigiwa makofi. Unataka asimame ainame?” Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. Aliijua kazi yake, na kujua kazi kunampa mtu pa kusimama hata akiwa amekosea. “Nguo iliyoshonwa ndani nje haipigwi pasi ikakaa, Bosi. Inafumuliwa.”

Bosi alifuta miwani, safi ilivyokuwa. “Siwezi kuifumua mimi,” alisema. “Neno lina mwenyewe. Akikubali kukaa kitini tena, nitawasha. Akikataa, tunaacha nafasi yake wazi na jina la filamu tunalibadilisha. Muulize wewe.”

* * *

Mkasi alimkuta mdogo wake uani, anasugua raba zake kwa brashi na povu. Zilikuwa zimekwisha takata, lakini aliendelea.

“Kijiko kanieleza,” Mkasi alisema.

Brashi haikusimama. “Kijiko hajui kunyamaza.”

“Na wewe hujui kusema. Kwa nini hukuniambia Jumatatu?”

“Mlikuwa mnafurahi. Ulimwona mama alivyotembea kwenda kule? Mimi nilikuwa kona pale, nilimwona. Sijamwona akitembea hivyo tangu nirudi.” Akaigeuza raba, akaanza kisigino. “Iache hivyo hivyo, dada. Wenzangu watanyamaza. Kunyamaza tunajua.”

“Mimi siwezi kunyamaza. Nimeikata vibaya, na jina langu lipo pale mwisho.” Aliinama mpaka macho yao yakalingana. “Nisikilize. Nimekukosea. Sikukuuliza. Nimekaa miezi mitano na wewe nyumba moja nikikutazama unavyoingia bila hodi, nikajisemea jeshi limeharibu mtoto. Sikuuliza hata mara moja.”

Kijana aliiweka brashi chini. Akatazama povu likipasuka kwenye ndoo.

“Siyo kwamba nimesahau,” alisema. “Nikifika mlangoni neno linakuja lenyewe, linanifika hapa.” Akagusa koo. “Siogopi kuisema. Naogopa kuitikiwa.”

Mkasi akamshika mkono uliojaa povu. Walikaa hivyo mpaka mama yao alipoita kutoka ndani akiuliza nani kamwaga sabuni yote ya wiki.

“Nitakaa,” mdogo wake alisema akiinuka. “Lakini mama awepo. Nasema mara moja tu, siwezi kumsimulia tena nyumbani.”

* * *

Mama Fundi alikuja Ijumaa asubuhi na gauni lake la mikunjo ya mbele, lile la harusi za watu. Aliambiwa tu kwamba mwanawe anarekodiwa tena na amemwomba awepo. Njia nzima alimuuliza Mkasi kama mtandio umekaa sawa, na Mkasi akajibu umekaa, akijiona mnafiki wa kutupwa. Kilikuwa kitu cha kuuma kumpeleka mama yako mahali amejipamba hivyo.

Mama alipoingia chumba cha kurekodia, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye kitambaa cha majivu. Pindo lilikuwa limefumuka kwenye kona. Akatoa sindano iliyochomekwa chini ya ukosi wake, akapiga magoti na gauni lake zuri, akaipiga mishono sita, akakata uzi kwa meno. Kisha akaketi kwenye stuli kando ya kamera. Bosi akauliza swali lake, akanyamaza.

“Nilisema nilikuwa wa hodi,” kijana alianza. Akaacha. Akaanza tena, akafika pale pale, akaacha. Mikono iliondoka magotini, ikarudi.

Mama Fundi alimtazama vile alivyomtazama tangu utotoni akikwama kwenye jambo.

“Rudi,” alimwambia taratibu. “Anza upya.”

Kijana akavuta pumzi. Hakuitazama kamera tena. Alimtazama mama yake, na Bosi akageuza kamera kidogo imfuate.

“Mama, hodi ni jina tu. Ni bomu la mkono. Tulikuwa tunatupa ndani kabla ya kuingia, na mtupaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nabeba sita.”

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka. Mama Fundi hakutikisika.

“Nyumba zote?” aliuliza.

“Zote za upande wetu. Lakini mimi nilikuwa nasema na mdomo pia. Sikuweza kuingia nyumba ya mtu bila kusema. Nasema hodi, natupa. Siku zote ndani kimya, watu walikuwa wamekimbia. Nyumba ya pazia la maua nikasema hodi, nikatupa, na ndani mtu akasema karibu. Lilikuwa limeshatoka mkononi, mama.”

Ndani ya hedifoni Mkasi alisikia pumzi ya mdogo wake kama vile analala begani kwake. Alitaka mtu aseme zima. Hakuna aliyesema.

“Mwanamke?” mama aliuliza.

“Mwanamke. Mtu mzima kama wewe.”

“Uliingia?”

“Niliingia. Alikuwa ameinuka kuja kufungua pazia. Mkono wake ulikuwa kichwani, umeshika mtandio. Alikuwa anauweka sawa.”

Mkono wa Mama Fundi ulipanda kwenye mtandio wake mwenyewe, ukafika, ukashuka. Alikaa kimya muda ambao Mkasi, kwa kazi yake, aliuhesabu bila kutaka. Sekunde arobaini na mbili.

“Nilikupa neno zuri,” mama alisema. “Wakalitia kazi nyingine. Hilo ni lao, na wao watajibu. Lakini mkono ulikuwa wako, Baba.”

“Ulikuwa wangu.”

“Siwezi kukuondolea.”

“Sikukuomba uniondolee, mama. Nilitaka tu ujue ni nani anaingia nyumbani kwako.”

“Anayeingia nyumbani kwangu namjua,” Mama Fundi alisema. “Nimemzaa mimi. Ndiyo maana bado nimekaa.” Akasubiri. “Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

Ndipo aliposimama, akaenda, akamvuta kichwa mwanawe kwenye mikunjo ya lile gauni la harusi, na Bosi akazima kamera bila kuambiwa. Mkasi alipovua hedifoni mama yake alimwambia juu ya kichwa cha kijana, kwa sauti ya karakana, ya fundi kwa fundi: “Hii ndiyo uiweke. Ile nyingine ifumue.”

* * *

Walirudi nyumbani kwa miguu, watatu, bila maneno mengi. Walipofika mtaani mama alipunguza mwendo. “Nyinyi tangulieni,” alisema. “Kuna maneno niliyompa mtu na hayakuwa kweli. Nakwenda kuyachukua.”

“Mama, siyo lazima leo,” Mkasi alisema.

“Kopo la mkaa nimelipikia. Lazima leo.”

Hawakutangulia. Walisimama barabarani wakamwona akipanda ngazi mbili za muuza mkaa, mbele ya pazia lililovutwa, na kutoka ndani ilisikika sauti ya mkaa ukipimwa koponi. Mama Fundi alifungua kinywa. Mwanamke aliyewarudisha watoto wake uani mara elfu alisimama pale na mdomo wazi, na neno halikutoka. Alifunga, akafungua tena. Mkasi aliona mabega yake yakianza kushuka.

“Nani huyo kajaa mlangoni kwangu kama gunia?” muuza mkaa aliuliza kutoka ndani; alikuwa ameona kivuli kwenye pazia. “Watu wa siku hizi hata hodi hamuijui?”

Mkasi alipiga hatua, lakini mdogo wake alikuwa amekwisha mpita. Alipanda zile ngazi mbili akasimama bega kwa bega na mama yake. Mikono aliinyoosha mbele kidogo, viganja juu, mitupu, mahali ambapo mtu yeyote angeiona.

“Hodi,” alisema.

“Karibu,” sauti ikaitikia.

Kijana alifumba macho. Mkasi aliiona midomo yake ikihesabu bila sauti, moja, mbili, tatu, nne. Halafu pazia likavutwa, na muuza mkaa akatokea, anajipangusa mkaa viganjani, mzima.